Vibua Kumi na Mmoja

Nianze na swali ambalo najua hakuna atakayelijibu kwa sauti. Nani kati yetu hajawahi kupika data?

Sisemi habari za desa, hizo ni za kila siku. Nasema zile dodoso 60 ulizotakiwa kujaza kijijini wakati wa fildi. Ukajaza 22, jua likakuzidi, nauli ikaisha, na zile 38 zilizobaki mkazimalizia hosteli watu watatu, kila mmoja na kalamu yake ili miandiko isifanane, chai na maandazi pembeni. Mkawa mnaulizana, "Huyu tumpe watoto wangapi?" "Mpe wanne, usizidishe." Ripoti ikasomwa, msimamizi akaweka tiki, bumu likatoka, maisha yakaendelea.

Mimi nimefanya hivyo. Nilikuwa mwaka wa pili na nilipata B+. Sikukosa usingizi hata usiku mmoja.

Mara ya pili niliyopika data ilikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, saa tisa usiku, na zilikuwa namba kumi na moja tu. Hizo ndizo zilizoninyima usingizi, na ndizo nataka kuzieleza hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Mlali. Kwa asiyepajua, ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, unapita Mzumbe, unaendelea na njia ya kupandia Mgeta. Kabla milima ya Uluguru haijakusimamia usoni, hapo ndipo kwetu. Tunalima nyanya, kabichi na hoho kwa maji yanayoteremka kutoka juu. Shamba ni la ukoo wa mama, kama desturi yetu Waluguru ilivyo, ila mwenye jembe na mwenye hasira ni baba.

Mto wetu unaingia bwawa la Mindu. Maji yakitoka Mindu yanafuata Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inamwaga baharini upande wa Bagamoyo. Kwa hiyo maji ya kwetu yalifika baharini zamani sana kabla yangu. Mimi bahari niliiona kwa macho nikiwa na miaka 20, wiki niliyokuja kuripoti chuo. Nilisimama ufukweni na begi langu mgongoni, nikaonja maji kwa kidole, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Utotoni kazi yangu ilikuwa kushika daftari la baba. Msimu wa nyanya, dalali anafika na fuso alfajiri. Tenga linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu ya mdomo linajengewa kilima, linafunikwa majani, linafungwa kamba. Bei ni ya tenga moja. Kile kilima ni cha bure. Hiyo ndiyo lumbesa, na wote mliolelewa na mazao mnaijua. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanatangaza kila mwaka. Lakini saa kumi na moja alfajiri, fuso inaunguruma na nyanya zinaanza kulainika, sheria iko mbali kweli.

Baba naye hakuwa malaika. Chini kabisa ya tenga alikuwa akipanga nyanya ndogo na zile zilizoanza kubonyea, kisha juu yake nzuri. "Wao wananiibia juu, mimi nawaibia chini," alikuwa akiniambia, "tunakutana katikati." Mimi naandika daftarini: matenga 14. Matenga 14 ya kilo ngapi, hakuna aliyejua. Si baba, si dalali, si bwana shamba. Na kila mtu alikuwa na sababu nzuri.

Basi. Machi 2018, meli ya utafiti iitwayo Dr Fridtjof Nansen ilikuwa ikifanya kazi kwenye maji ya Tanzania. Ni meli ya urefu wa mita 74.5, ina maabara saba, na inapeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Inaendeshwa kwa ushirikiano wa Norwe na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa ajili ya nchi zinazotaka kujua hali ya samaki na bahari yao lakini hazina meli ya aina hiyo. Jina ni la Mnorwe mmoja, mpelelezi wa Ncha ya Kaskazini na mwanasayansi wa bahari, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922. Hii ni meli ya tatu kubeba jina hilo. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, na ilipita kwetu kupima samaki mwaka 1982 na 1983. Kumbukeni miaka hiyo, nitairudia.

Nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili. Nafasi za melini zilikuwa za watafiti wazoefu, na mwanafunzi alikuwa wa kubanwa pembeni kama abiria wa daladala anayeambiwa "sogea nyuma, nafasi ipo". Msimamizi wangu aliuliza nani anaweza kukesha bila kulalamika. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Nyumbani nilipiga simu. Mama aliuliza swali moja tu: "Choo kipo?" Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli ya mwisho, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mluguru na bahari, wapi na wapi?" Baba yeye alitaka kujua kama nitalipwa. Nilipomwambia silipwi, akasema, "Haya. Shika daftari vizuri."

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Tulipewa helmeti, buti na koti la kuokolea. Tukafanya mazoezi ya dharura, tukavaa lile vazi la rangi ya chungwa linalokufunika mpaka kichwani, ukitembea unaonekana kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake. Nilipiga picha 40.

Siku ya pili mawimbi yakanilevya. We acha tu. Sikujua kwamba tumbo linaweza kukataa hata maji ya kunywa. Kila mtu ana dawa yake: mmoja anasema kula mkate mkavu, mwingine anasema tazama upeo wa bahari, mwingine anasema lala. Tatizo ni kwamba zamu yangu ilikuwa ya usiku, na usiku upeo wa bahari hauonekani.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Watu wengi, mimi nikiwemo kabla ya safari, wanadhani meli ya utafiti inahesabu samaki kwa kuwavua. Bahari ni kubwa mno kwa hilo. Meli hii inawasikiliza. Chini ya meli kuna vyombo vinavyopeleka sauti kwenye maji. Sauti inasafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, inagonga samaki, inarudi kama mwangwi. Meli inakwenda kwa mistari, inatoka karibu na pwani kuelekea kwenye kina kirefu, inageuka, inarudi, kama mtu anayelima matuta. Kwenye kioo unaona rangi. Mchana unaweza kuona mkanda mnene uko chini sana. Jua likizama, mkanda wote unapanda juu, viumbe kwa mamilioni wanapanda kutafuta chakula gizani. Usiku wa kwanza nilipouona ule mkanda unapanda, nilisahau tumbo langu kwa dakika kama kumi.

Lakini mwangwi peke yake hautoshi. Mwangwi wa nguvu fulani unaweza kuwa wa samaki wakubwa wachache, au wa samaki wadogo wengi. Samaki mwenye urefu maradufu ya mwenzake hurudisha mwangwi wenye nguvu kama mara nne. Kwa hiyo ni lazima ujue walioko pale chini ni akina nani na wana urefu gani. Hapo ndipo wavu unapoingia. Unashushwa, unakokotwa kwa muda maalumu, unapandishwa, na kilichomo kinachambuliwa, kinapimwa uzito, na baadhi ya samaki wanapimwa urefu mmoja mmoja. Urefu ule ndio unaotafsiri mwangwi kuwa idadi. Ukikosea urefu, umekosea idadi ya samaki wa eneo zima, wakiwemo wale ambao hujawahi kuwaona.

Nilielezwa haya siku ya kwanza. Niliyaandika. Siwezi kusema sikujua.

Usiku wenyewe ulikuwa wa nne au wa tano, siku zilikuwa zimeanza kuchanganyika. Bahari ilikuwa imechafuka. Wavu ulipanda kama saa nane na nusu, ukiwa na vibua wengi, ngisi, na viumbe vidogo vya kina kirefu vyenye macho makubwa ambavyo sijui Mlali tungeviitaje. Tuliwachambua. Tukatakiwa kupima vibua 100.

Tulikuwa wawili mezani. Kaka mmoja kutoka Unguja, mtafiti mzoefu, alikuwa anapima: anamlaza samaki kwenye ubao wenye sentimita, anaita namba, anamtupia ndoo ya pili. Mimi nilikuwa naandika. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kumi na saba. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma uradi. Nyuma yetu mashine zinanguruma, maji ya kuoshea yanamwagika, na harufu ya samaki imejaa mpaka kwenye nywele.

Nilipofika mstari wa 30, meli ililala upande, nami nikajua. Nikakimbilia sinki iliyokuwa kona. Nilikaa pale nadhani dakika mbili. Kaka alikuwa amenipa mgongo, na kwa kelele zile hakujua kwamba nimeondoka. Akaendelea kuita.

Niliporudi na kushika kalamu, nilimsikia akisema, "Kumi na nane. Huyu wa arobaini na moja, eti?"

Nikaangalia fomu. Nilikuwa 30.

Jamani, nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno matatu yangetosha: "Kaka, ngoja kidogo." Lakini nilikuwa mwanafunzi peke yangu kwenye zamu ile, msichana wa milimani ambaye siku tatu zilizopita alishikwa mkono kupelekwa kitandani. Nilikuwa nimeshasikia mtu akisema, kwa upole, kwamba labda nihamishiwe kwenye kazi ya ndani. Sikutaka kuhamishwa. Nikajibu, "Ndiyo, arobaini na moja."

Halafu, huku yeye akiendelea kuita na mimi nikiandika kutoka mstari wa 42, katikati ya namba na namba nilikuwa narudi juu kujaza yale matundu. 18, 17, 18, 19, 18, 17, 19, 18, 18, 17, 18. Zilipendeza. Zilifanana na zile za juu na zile za chini. Nilikuwa na uzoefu, si nimewaambia? Usizidishe.

Tulipomaliza, kiongozi wa zamu akaja kuchukua fomu. Ni dada mmoja mzaliwa wa Lindi, mdogo wa umbo, mwenye macho ya kuchoka na utani mwingi. Akaipitia haraka, akanigusa bega. "Mia kamili. Mwanamke wa Uluguru umejikaza leo. Nenda kalale."

Sikulala. Chumba changu kilikuwa chini, unasikia maji yakipita ubavuni mwa meli karibu na kichwa chako. Nilikuwa najiambia: kumi na moja kati ya mia. Tena ni wastani, hazibadilishi kitu. Tena kila mtu anakosea. Kisha nikamsikia baba: wao wananiibia juu, mimi nawaibia chini. Hilo lilinishtua, maana huku hakukuwa na dalali. Hakuna aliyekuwa ameniibia chochote.

Na kulikuwa na kitu kingine. Jioni ya siku iliyotangulia, kwenye meza ya chakula, wakubwa walikuwa wanazungumza kuhusu takwimu za 1982 na 1983. Walikuwa wanajadili jinsi ya kuzilinganisha na za sasa: wavu ule na wavu huu, msimu ule na msimu huu. Nilikuwa nimesikiliza kwa sikio moja. Sasa, kitandani, nikamfikiria yule aliyekuwa ameshika kalamu mwaka 1982. Sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa mwanafunzi. Huenda naye alitapika. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na miaka 35 baadaye watu wenye elimu zao wanakaa mezani wanategemea mkono wake. Wakisema samaki wamepungua au wameongezeka, wanasema kwa sababu wanaamini kwamba yule mtu, usiku ule, aliandika alichoona.

Mwaka 2053 kuna mtu atafungua fomu yangu.

Saa kumi na mbili na nusu nikaamka. Dada alikuwa chumba cha chakula, kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo dada. Kuna namba nimezitunga."

Hakuitikia shikamoo. Akaweka kikombe chini. "Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mistari ipi?"

"Kuanzia 31 mpaka 41."

"Una uhakika? Si 30, si 42?"

"Nina uhakika."

Alinitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Nilitegemea hotuba. Badala yake alisimama, tukaenda maabara, akaitoa fomu, akaniwekea mezani na kunipa kalamu. "Kata mwenyewe. Mstari mmoja, namba zibaki zinasomeka. Pembeni andika: hawakupimwa. Weka tarehe, saa na sahihi."

Nikakata. Chini, penye jumla, nikafuta 100, nikaandika 89. Mkono ulitetemeka, na safari hii hayakuwa mawimbi. Yeye akaandika maelezo yake kwenye kitabu cha kumbukumbu, kisha akasema kwamba atamjulisha kiongozi wa msafara, na kwamba mimi nitakuwepo akimwambia. Nilikuwepo. Mzee yule wa Kinorwe alisikiliza, akauliza swali lile lile, mistari ipi, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kioo chake. Vibua 89, alisema, ni wengi wa kutosha.

Hilo ndilo lililonichoma. 89 walitosha. Hakuna aliyekuwa amenidai 11 wale kwa namna niliyodhani. Nilitunga ili kujaza shimo ambalo lingeweza kubaki wazi bila kumdhuru mtu.

Aliyeumia alikuwa yule kaka wa Unguja. Jina lake lilikuwa kwenye fomu ile ile, juu ya langu. Chakula cha mchana alikaa meza nyingine. Jioni, kabla ya zamu, nilimfuata nikamwomba radhi. Alikuwa anafunga buti. Hakuniangalia.

"Ungeniita tu," akasema. "Samaki walikuwa wamo ndooni. Tungewapima tena, dakika tano hazifiki."

Nikasema najua.

"Hujui," akasema. Akanyoosha mgongo. "Katika wale uliowakosa kulikuwa na mmoja ishirini na nne. Namkumbuka, kwa sababu nilishangaa mwenyewe. Nilisema kwa sauti: ishirini na nne! Nikadhani umeandika."

Nilitafuta namba kubwa kuliko zote kwenye fomu nzima. Ilikuwa 21.

Sasa wenzangu, hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho mihadhara ya takwimu haikuwahi kuniingiza kichwani. Ukitunga namba, unatunga zinazofanana na unazozijua tayari. Hutungi ishirini na nne. Mpishi mzuri wa data hawezi kukuletea habari mpya hata siku moja, kwa sababu kazi yake yote ni kuhakikisha hakuna kinachoshangaza. Zile dodoso 38 za hosteli, tuliwapa watu watoto wanne, ekari mbili, elimu ya msingi. Hakuna hata mmoja tuliyempa jambo la ajabu. Na pengine katika watu 38 ambao hatukwenda kuwaona kulikuwa na mama mmoja mwenye jambo ambalo lingebadilisha ripoti nzima. Hatutamjua. Nilimfuta kabla sijakutana naye, nikapewa B+.

Nilimwuliza dada kama tunaweza kuandika ile 24, kwa kuwa kaka anaikumbuka. Akakataa. "Anaikumbuka, lakini haijaandikwa ilikuwa mstari gani, na wengine kumi hawakumbuki. Ukiingiza mmoja mkubwa kwa sababu anakumbukwa, umepika upande wa pili." Kwa hiyo yule kibua mkubwa hayupo popote, isipokuwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja wa Unguja, na sasa hapa.

Sikuhamishwa. Nilibaki mezani zamu zote zilizobaki. Tofauti ni moja: kila baada ya samaki kumi kaka alikuwa anasimama na kuniuliza, "Wangapi?" nami nataja. Siku mbili za mwanzo aliuliza kwa ukali. Siku ya tatu akauliza kama kawaida. Siku ya mwisho, bahari imelala kama mafuta, alisema, "Wangapi, Mluguru?" nikajua yameisha, au yamekaribia kuisha.

Agosti nilikwenda Mlali. Msimu wa nyanya, vumbi tupu, matenga yamepangwa kando ya njia. Nilikuwa nimenunua mzani wa kuning'iniza pale Morogoro mjini kwa pesa ya bumu. Baba aliutazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Jioni tulikaa nje nikamsimulia meli. Nilimsimulia mkanda unaopanda usiku, akafurahi. Nilimsimulia ubao wa kupimia. Halafu nikamsimulia vibua kumi na moja, kila kitu, mpaka pale niliposikia sauti yake kitandani. Hapo aliacha kutafuna. Mama alikuwa anapepeta mchele, akapunguza kidogo ule mwendo wa ungo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufundisha kuiba," baba akasema.

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema. Ila umesema kwa heshima." Akanyamaza. "Samaki wamebaki wangapi huko?"

"Bado wanapiga hesabu. Sijui."

"Umekaa kwenye meli ya Wazungu, unasoma mpaka uzamili, hujui?"

"Sijui, baba. Wakimaliza nitakuambia."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. Tukaingia kulala.

Alfajiri alikuja mlangoni kwangu. "Lete huo mzani wako kabla fuso haijafika."

Tukaufunga kwenye tawi la mwembe. Tenga la kwanza, bado bila kilima: kilo 47. La pili: 52. La tatu, ambalo lilikuwa la mfano wa lumbesa aliloliacha dalali jana yake ili tujazie hivyo: 68. Baba aliisoma ile 68 mara mbili, akasogeza uso karibu na mshale kama haamini macho yake. Miaka yote alijua anaibiwa. Hakuwahi kujua anaibiwa kiasi gani.

Kisha bila kuniambia neno akalivuta tenga moja alilokuwa amelipanga mwenyewe jana, akalimwaga juu ya turubai, akaanza kuzichomoa zile mbovu za chini, moja moja, akiziweka pembeni. Nikamsaidia. Zilijaa nusu ndoo. Akatundika ndoo: kilo 6. "Andika na hiyo," akasema.

Tuliweza kupima matenga tisa. La kumi lilikuwa bado chini wakati fuso ilipopiga honi barabarani, na dalali si mtu wa kusubiri mwanafunzi na mzani wake. Walilipakia hivyo hivyo. Siwezi kuwadanganya kwamba bei ilibadilika asubuhi ile. Dalali alitazama mzani, akatazama daftari, akasema bei ni ya tenga, si ya kilo, asiyetaka abaki na nyanya zake. Baba aliuza. Lakini jioni alinituma nimwite jirani mmoja, na kesho yake wakaja wawili zaidi kuuliza kama mzani unaazimwa. Nimeuacha huko.

Usiku ule baba alikaa na daftari kwenye mwanga wa taa, akipitisha kidole kwenye namba. 47, 52, 68, mpaka la tisa. Akafika la kumi, ambapo nilikuwa sijaandika kitu.

"Hili je?" akauliza. "Tuweke hamsini? Yote yanakaribiana hapo."

Nikampa kalamu. "Andika halikupimwa, baba."

Akaandika taratibu, herufi kubwa, kama mtu anayesaini mkataba.